Jalada halina ndugu: niliyojifunza nikitunza nyaraka za umma

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi kwenye masijala za halmashauri, mikoa na wizara, na kwa ajili ya wananchi wanaokuja kwenye meza zetu kutafuta karatasi iliyoandikwa kabla hawajazaliwa. Nimekaa upande wa ndani wa meza hiyo kwa miaka mingi. Chuoni nilifundishwa kufungua jalada, kuliainisha, kulipa namba, kulikinga na mchwa na unyevu. Hayo yana vitabu na yana mitihani. Jambo ambalo halikuniingia mpaka liliponifika ni kwamba shinikizo la kuharibu kumbukumbu mara nyingi haliletwi na mtu mbaya. Linaletwa na mtu unayemwamkia shikamoo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye halmashauri moja ya wilaya, katika mkoa wenye mashamba ya mkonge. Nyuma ya jengo kulikuwa na chumba ambacho kila mtu alikiita stoo. Mlangoni ulikutana na viti vilivyovunjika, makopo ya rangi na matairi ya Land Rover. Chini ya hivyo vyote ndipo yalipokuwa majalada: vitabu vya kodi ya wakati wa Mwingereza, mashauri ya mahakama za wenyeji, barua za mabwana shamba, taarifa za afya, na rundo kubwa la Operesheni Vijiji ya kati ya 1973 na 1976, watu walipohamishiwa vijiji vipya. Mchwa walikuwa wameshaanza kona moja.

Mkuu wangu wa kazi alikihitaji chumba. Watumishi wapya walikuwa wanabanana kwenye meza moja, na yeye aliona suluhisho lipo mbele yake. "Hizo zichomwe tu, hakuna anayezisoma." Hakuwa na nia mbaya. Ila Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, haiachii ofisi ya umma iamue yenyewe kuteketeza kumbukumbu zake. Lazima pawe na idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na lazima ijulikane kinachoteketezwa ni nini na kwa sababu gani.

Mtumishi mpya hawezi kumwambia mkuu wake "haiwezekani" akaishia hapo. Nilimwandikia dokezo fupi. Nikataja sheria, nikaeleza kwa ufupi kilichomo chumbani, nikaomba kibali cha kuwaandikia wenzetu wa Idara waje kukagua, na nikapendekeza pa kuwaweka wale watumishi kwa muda. Hilo la mwisho ndilo lililosaidia kuliko yote. Mtu mwenye tatizo la nafasi ukimletea sheria peke yake anakuona kikwazo. Mletee sheria pamoja na nafasi, naye atasaini. Alisaini, ingawa kwa muda mrefu baadaye alinisalimia kwa ufupi sana.

Kazi ya chumba kile ilinichosha mwili. Barakoa, glovu za kuhamishia takataka na sabuni nilinunua kwa pesa yangu, maana fungu la ofisi halikuwepo. Vumbi la karatasi za zamani si vumbi la barabarani, lina ukungu ndani yake, na kifua kilinibana hadi nikaenda zahanati. Vijana, msiingie stoo ya namna hiyo bila barakoa, fungueni madirisha tangu asubuhi, na mkifika kwenye karatasi zenyewe vueni zile glovu nzito, mshike kwa mikono iliyooshwa ikakauka. Glovu nzito hupasua karatasi iliyochoka.

Kabla yangu kulikuwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walioagizwa "kupanga". Walifanya kazi kwa bidii. Walivunja majalada wakaweka barua zote za ardhi pamoja, za kodi pamoja, ramani zote kwenye boksi moja. Kwa macho palipendeza. Lakini barua ya mkuu wa wilaya ilikuwa imetenganishwa na jibu lake, na ramani imetenganishwa na malalamiko yaliyosababisha ichorwe. Ukiiona ramani peke yake hujui nani aliiomba, nani aliipinga, wala kama ilikubaliwa. Nyaraka hukaa kwa ofisi iliyozitengeneza na kwa mpangilio iliouweka, kwa sababu mpangilio huo nao ni ushahidi. Tulizirudisha moja moja kwa kufuata namba za kumbukumbu zilizo juu ya barua na daftari la zamani la kufungulia majalada. Pale tuliposhindwa kujua karatasi imetoka wapi, tuliiweka pembeni na kuandika waziwazi kwamba hatukujua. Kuibandika mahali kwa kukisia kungekuwa ni kumdanganya atakayekuja.

Mwisho wa zoezi, vocha za malipo na fomu zisizo na maana tena ziliteketezwa kwa kibali, orodha ikasainiwa, nakala ikabaki. Majalada yenye thamani ya kudumu yalipelekwa kuhifadhiwa na Idara. Mengine yalibaki kwetu kwa sababu yalikuwa bado yanatumika, hasa ya ardhi.

Kipindi hicho nilihudhuria mafunzo Dodoma, na huko ndiko nilikosomewa kwa mara ya kwanza kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Nyaraka, zilizopitishwa Beijing mwaka 1996. Ziko kumi, na hazina maneno mengi. Zinamtaka mtunza nyaraka alinde uhalisi wa kumbukumbu na akatae shinikizo la yeyote anayetaka ushahidi upindwe. Aandike na aweze kueleza kila alichoifanyia nyaraka. Ahudumie watu wote bila upendeleo. Aheshimu haki ya kusoma na pia faragha ya walioandikwa. Asitumie nafasi yake kujinufaisha au kumnufaisha mwingine isivyo haki. Nilizinakili kwenye daftari. Zilionekana kama mambo ambayo kila mtu mwenye akili timamu anayakubali.

Mkufunzi mmoja alitupa kisa cha wazee wa Mau Mau, na hapo ndipo zilipoanza kunigusa. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliifungulia kesi serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyofanyiwa kwenye kambi za kizuizini miaka ya 1950. Watafiti walikuwa wakisema siku nyingi kwamba kuna majalada yanayokosekana. Nairobi hayapo, London hayapo. Mwaka 2011, kesi ikiwa inaendelea, serikali ile ilikiri kuwa inayo, yamehifadhiwa kwenye majengo yake ya Hanslope Park. Yaliondolewa makoloni wakati uhuru unakaribia, na mengine mengi yalichomwa kwa maelekezo, ili serikali mpya zisiyakute. Hayakuwa ya Kenya tu. Yalitoka makoloni 37, na Tanganyika imo. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Leo majalada yaliyopona yanasomwa Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kwa alama FCO 141.

Nilichoondoka nacho ni kwamba masanduku yale yalifungwa na makarani. Watu wa cheo changu, waliopewa amri na mtu mwenye adabu na tai shingoni. Wazee wale walisubiri nusu karne. Wapo waliokufa wakisubiri.

Sasa nije kwenye lililonifika mimi.

Familia ya baba yangu ilikuwa na mgogoro wa shamba la bondeni na familia nyingine, ambao mizizi yake ni Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, wengine wakapewa ardhi kwingine, wengine wakarudi kimyakimya walikotoka, na watoto wao wakakua wakiambiwa "hapa ni petu". Shauri lilipofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, baba yangu mdogo ndiye alikuwa anaisimamia familia. Marehemu baba alipoondoka, yeye ndiye aliyenilipia ada ya chuo. Naomba msomaji alikumbuke hilo anaposoma yanayofuata, kwa sababu mimi sikuweza kulisahau hata dakika moja.

Jalada lenyewe lilikuwa la mwaka 1975, ganda la kaki, limefungwa kwa kamba ya katani iliyopauka. Kushoto madokezo, kulia barua, kila barua ina namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, pembeni juu kwa penseli nyekundu. Folio ya 22 ilikuwa karatasi ya fulskepu, mwandiko wa katibu wa kijiji, mistari imenyooka kana kwamba alitumia rula. Ilisema kwamba babu yangu ameridhia kuliacha shamba la bondeni na amepokea ekari alizogawiwa kijiji kipya. Chini kulikuwa na dole gumba lake kwa wino wa zambarau. Mistari ya ngozi ilionekana yote, na katikati kovu lililokata dole kwa mshazari. Kovu lile nalifahamu. Nilikuwa nalishika nikiwa mtoto tukienda kisimani.

Baba mdogo alikuja ofisini mchana, ameshika kofia mkononi. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha akasema, "Mwanangu, ni karatasi moja tu. Nani atajua?"

Nilimjibu kitaalamu. Nilimweleza kwamba dokezo linasema "rejea folio 22", na folio ya 23 inaanza na "kutokana na makubaliano hayo", kwa hiyo pengo litaonekana. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi itoke na hiyo 23." Nikaelewa kwamba jibu la kitaalamu halimalizi jambo hili. Ukimwambia mtu utakamatwa, atakutafutia njia ya kutokamatwa, tena kwa upendo. Nikamwambia, "Baba, siwezi. Hata kama hakuna mtu angejua, siwezi. Hili si jalada la ofisi wala si la ukoo wetu. Na hao wenzetu nao wana baba yao humu ndani." Hakupaza sauti. Alivaa kofia yake akatoka, na mimi nikaenda chooni nikalia.

Siku hiyohiyo, kabla ya kufunga ofisi, niliandika dokezo kwa afisa utumishi. Niliandika kwamba shauri fulani linahusu ukoo wangu, kwamba nimeombwa nifanye jambo lisilo halali na nimekataa, na kwamba ninaomba jalada hilo lishughulikiwe na mtu mwingine. Sikutaja jina la aliyeniomba, wala sikuulizwa. Mimi na mwenzangu tulihesabu folio zote, tukaandika idadi ndani ya ganda, tukasaini wote wawili. Nakala kamili ikatengenezwa na kuwekwa chumba kingine, jalada likafungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake sikuwa nao tena. Nawasihi mnaoanza: likikufika la namna hii, andika siku hiyohiyo. Ukilaza usiku mmoja utaanza kujiuliza kama unamdhalilisha mzee, ukilaza wiki utakuwa umeshazoea. Na usibaki peke yako na ufunguo. Nilipokuwa sina ufunguo, hata mimi nilipumua.

Haikuishia hapo. Kijana wa upande wa pili alikuja na bahasha, anasema ni hela ya soda, anataka apige picha makaratasi "kabla baba yako mdogo hajayawahi". Bahasha niliirudisha mbele ya mwenzangu. Lakini ombi la kusoma lilikuwa halali. Kumbukumbu za umma zikishatimiza miaka 30 zinafunguliwa kwa wasomaji, na jalada la 1975 lilikuwa limeshapita muda huo. Kwa hiyo yule kijana alipewa fomu, akaijaza, akahudumiwa na mwenzangu, akasoma akiwa anaangaliwa, akalipia nakala kwa stakabadhi. Baba mdogo naye angeweza kufanya hivyohivyo siku yoyote, bila ya kunibembeleza, na nilimtumia ujumbe kumwambia.

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kukataliwa folio. "Umemfungulia adui mlango," alimwambia mama. Kwa watu wetu, kuwa na mtoto serikalini maana yake ni kuwa na mlango wako. Na mimi siudharau moyo huo. Ndio uliosomesha wengi wetu. Ila ukiupeleka kwenye nyaraka, kila familia itakuwa na karatasi zake na hakuna atakayeamini karatasi ya mwenzake, na siku ambayo huna ndugu masijala utakuwa huna haki.

Baraza liliomba nakala iliyothibitishwa ya jalada zima. Familia yetu ilishindwa shamba la bondeni. Nilisikia habari za kuagwa kwa binti wa baba mdogo kutoka kwa watu baki, kamati ilishakaa na michango ilishakusanywa. Shangazi mmoja aliacha kupokea simu zangu. Mama alikaa katikati akizeeka. Leo tunasalimiana na baba mdogo, tunaketi pamoja msibani, lakini lile shamba halitajwi nikiwepo. Anayewaambia kwamba ukitenda haki ndugu watakuelewa hatimaye, hajakaa kwenye kikao cha ukoo chenye mgogoro wa ardhi.

Kuna upande wa pili wa kazi hii, wa kufunga na si kufungua, na kwangu huo ni mgumu zaidi kwa akili. Katika stoo ile tulikuta daftari la wagonjwa wa ukoma la wakati wa ukoloni: majina, jina la baba, kijiji, tarehe ya kuingia, wengine tarehe ya kufa. Miaka 30 imepita mara mbili. Kwa hesabu ya miaka pekee, lilikuwa wazi.

Mama mmoja mtu mzima alikuja, mpole, mwenye heshima zake. Mwanawe alikuwa anaoa, na wazee walimtuma "kuchunguza ukoo". Alikuwa na jina mkononi. Alitaka tu nimwambie kama limo.

Ukoma unatibika, na mjukuu haurithi. Lakini ndoa ile ingevunjika kwa mstari mmoja wa wino ulioandikwa na mganga wa Kizungu, na binti wa watu angeishi na jina hilo. Nilimwambia mama yule kwamba madaftari ya wagonjwa hatuyasomei watu majina, na kwamba jibu ni hilohilo kwa kila anayeuliza, jina liwemo au lisiwemo. Hiyo sehemu ya mwisho ishikeni sana. Ukimwambia mtu wa kwanza "hapana, hayumo" kwa kuwa kweli hayumo, basi mtu wa pili utakapomwambia "siwezi kusema" utakuwa umeshasema. Kunyamaza lazima kuwe kwa namna moja kwa wote.

Daftari hilohilo, mtafiti wa historia ya tiba aliliomba kwa barua na kibali chake. Tulishauriana na Idara, akaruhusiwa kuhesabu umri, vijiji na miaka, kwa masharti ya kutoandika majina. Na mjukuu wa mmoja wa wagonjwa, aliyekuja na uthibitisho wa uhusiano wake akitafuta babu yake alizikwa wapi, alionyeshwa mstari wa babu yake na karatasi imefunikwa juu na chini. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imewapa wenzetu walio masijala maneno ya kusimamia. Lakini uamuzi wa nani anaumia nani akisoma nini bado utauangukia mtu mmoja aliyesimama mbele ya kabati. Muulize mwenzako. Ulizeni wawili. Andikeni mlichoamua na kwa nini, ili atakayekuja baada yenu asianze gizani, au ayaone makosa yenu ayarekebishe.

Madaftari hayo na majalada ya ardhi yalinipa maumivu. Yaliyonipa nguvu ya kubaki kazini ni ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge walioletwa kutoka mbali.

Mzee mmoja alikuja akitafuta habari za baba yake, aliyeletwa kutoka Buha kukata mkonge. Wakati huo wafanyakazi wengi walikusanywa mbali, Kigoma hadi Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), na kuanzia miaka ya 1940 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU ndicho kilichokuwa kikiwasafirisha. Mzee alikuwa na jina la baba yake na jina la shamba. Ofisi kadhaa zilishamrudisha, wakimwambia "majina ya vibarua hatuna". Alishakula nauli nyingi na alikuwa amechoka.

Kwa jina hatukupata kitu. Karani wa zamani aliandika majina kama alivyoyasikia: herufi l na r zimebadilishana, jina la baba limegeuzwa kuwa jina la mtu, la Kikristo limewekwa mahali pa la nyumbani. Ndipo tukaacha kuuliza "jina lake liko wapi" tukauliza "baba yake akifa kambini, nani alilazimika kumwandikia nani?" Meneja wa shamba alilazimika kumwandikia bwana shauri, mtawala wa wilaya wa wakati huo, kuhusu mali ya marehemu, ili ipelekwe kwao. Na majalada ya mali za marehemu tulikuwa nayo, kwa mwaka.

Tuliipata barua. Nusu ukurasa, kwa mashine ya chapa. Jina limekosewa herufi mbili, lakini namba ya kazi, kijiji na jina la mke vilikuwa sawasawa. Mali ya marehemu: blanketi moja, sufuria moja, panga, kanzu, na shilingi chache za mshahara uliobaki. Mzee aliomba nimsomee tena ile orodha. Nilimsomea. Akaomba mara nyingine. Hapo ndipo alipojua pia kijiji cha kwao kwa jina lake kamili, maana mama yake alikufa yeye akiwa mdogo na hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Kisha akaniomba apewe barua yenyewe. "Hii ni ya baba yangu. Nyinyi mna makaratasi mengi." Nilimwelewa kabisa, na nilikataa. Barua ile imo katikati ya barua za watu wengine waliokufa kwenye shamba lilelile mwaka uleule, na ikitolewa, siku mtoto wao mmojawapo akija hatajua baba yake hakufa peke yake. Nilimwambia hivyo. Tulimpa nakala iliyothibitishwa kwa mhuri. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akashukuru, lakini niliona kwamba nakala si kitu kimoja na karatasi aliyoigusa. Hakuna namna ya kulifanya hilo lisiume.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuja kutafuta, njoo na haya. Andika pembeni kila namna ambayo jina la mtu wako lingeweza kuandikwa na mtu asiyejua lugha yenu. Tafuta mwaka, hata wa kukisia kwa tukio, kama njaa au vita au mwaka kijiji kilipohamishwa. Tafuta jina la wilaya kama lilivyokuwa wakati huo, kwa sababu mipaka imebadilika sana na nyaraka hukaa na ofisi iliyoziandika, si na wilaya ya leo. Jiulize ni nani alikuwa na wajibu wa kuandika: mahakama, misheni, shamba, hospitali, bwana kodi. Njoo na kitambulisho na barua ya ombi, hata kama unamfahamu mtu ndani. Barua hiyo ndiyo inayokulinda usirudishwe na mtu aliyeamka vibaya. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ukitakiwa kulipa, dai stakabadhi. Usiingie na kalamu ya wino, penseli inatosha, na usilambe kidole kufunua ukurasa.

Na zile ulizo nazo nyumbani, vyeti vya kuzaliwa, hati za shamba, barua za marehemu, usizipeleke kulaminishwa. Moto na plastiki vikishashika karatasi havitoki tena bila kuiharibu. Usibandike selotepu kwenye mikunjo, toa pini za chuma kabla hazijapata kutu, weka kila karatasi kwenye bahasha safi, kavu, juu ya sakafu na mbali na ukuta unaovuja. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini nani yumo, ukiwa bado unaye wa kumuuliza.